Maji Niliyofungiwa

Mimi ulanzi sijauonja tangu nibatizwe, na nilibatizwa nikiwa msichana wa kuchunga mbuzi. Naanza na hilo makusudi, ili mtu akifika mwisho asiseme bibi huyu anajitetea. Sijitetei. Waliotakiwa kujitetea ni wengine, nao wamenyamaza. Naandika kwa ajili ya mgonjwa aliyekaa mahali sasa hivi anaambiwa ana tabia mbaya, wakati ana ugonjwa.

Nakaa mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe mjini, kiwanja kimoja na mwanangu Amosi na mke wake Tulizo. Nyumba yao iko mbele, yangu iko nyuma. Nilisoma hadi darasa la nne, nikaitwa na jembe. Kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika wetu wa Kilutheri, nao siutaji jina. Wengi wanadhani kazi ya mzee wa kanisa ni kupitisha kapu la sadaka. Kazi yenyewe ni kujua nani anaishije. Kwetu huku, mianzi michanga ikikatwa ncha wakati wa mvua inatoa maji meupe, matamu. Hayo ndiyo ulanzi. Yakiwa ya asubuhi hata mtoto anakunywa, yakilala siku moja yanamwangusha mwanaume. Msharika akikutwa anauza au analewa, wazee wanakaa, jina linaandikwa kitabuni pamoja na kosa, anatengwa na Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu. Nimekaa vikao hivyo vingi na sikuwa mpole. Kulikuwa na mjane mmoja jirani yangu, nitamwita Sara, aliyekuwa anauzia ulanzi nyuma ya nyumba yake. Mimi ndiye niliyepeleka habari zake. Alitengwa, akaona aibu, akahamia Makambako. Sikukosa usingizi kwa ajili yake hata siku moja.

Ugonjwa wangu nao ulianzia Makambako. Zilikuwa mvua za kwanza, watu wanapanda mahindi. Nilikwenda sokoni na maharage yangu ya akiba, nikateleza kwenye ngazi ya saruji, nikaanguka chali. Kisogo kiligonga mpaka waliokuwa karibu wakasikia. Wakaninyanyua, nikakaa kidogo, nikauza maharage yangu, nikarudi Njombe na gari la jioni. Uvimbe ulikuwa kama yai. Kichwa kiliuma siku nne, kikaacha. Nikajihesabu nimepona.

Haikupita wiki mbili, kiu ikaja.

Kiu mnayoijua nyie inakaa mdomoni. Hii yangu ilikaa kwenye mifupa. Chai sikuitaka, uji sikuutaka, nilitaka maji ya baridi, yale ya pipa la nje yanayouma meno. Asubuhi ya Njombe, watu wamevaa makoti na kofia za sufu, mimi nimesimama penye pipa na kikombe kama ng'ombe aliyetoka mbali. Nikinywa, nusu saa haipiti yote yametoka, meupe kama yalivyoingia. Dumu la lita kumi halikunifikisha jioni. Usingizi ukaisha, maana kila nikijifunika blanketi likapata joto, ni lazima nitoke tena kwenye baridi. Midomo ikapasuka. Ngozi ya mikono ikawa kama gunia. Gauni la kitenge lililokuwa linanibana likaanza kuning'inia. Nikachana shuka kuukuu, nikakunja vitambaa vya kuvaa ndani, kama wa mtoto. Mimi, mwanamke niliyezika mume na watoto wawili bila kulia hadharani, nilijikojolea nikiwa kwenye foleni ya zahanati, na wasichana wawili wakasogea upande.

Nilikaa mabenchi matatu kabla ya Kwaresima. Benchi la kwanza walinitoboa kidole. "Bibi, sukari yako nzuri kuliko yangu," akasema mhudumu, akacheka, akaita mwingine. Benchi la pili waliniambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikameza vidonge wiki nzima. Benchi la tatu waliniambia ni umri, kibofu kimechoka. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuanguka, na mimi sikusema. Uvimbe ulikwisha zamani. Kwa akili yangu kichwa na mkojo ni vitu viwili visivyojuana. Wewe unayesoma, ukifika kwa daktari sema yote, hata yale unayoona hayahusu. Mimi niliyaacha nyumbani, yakanigharimu.

Ulanzi nao ukafika msimu wake. Nilikuwa sitoki bila dumu la lita tano, hata kwenda shambani, hata kwenda kwenye msiba. Sasa mtu mwenye dumu Njombe wakati wa mvua, nani atauliza lina nini? Mwanamke mmoja muuza parachichi alinipigia kelele barabarani, "Mama Amosi, kamwene! Wa leo huo, au wa jana?"

"Ni maji," nikamjibu.

"Hata sisi tunayaita maji!" Na wenzake wakagongana viganja.

Kanisani nilitoka mara tatu katika hubiri moja. Nikichelewa kunywa, nilipepesuka. Nikinyanyuka haraka, macho yalijaa giza nikashika benchi. Watu waliona. Mimi mwenyewe nilipokuwa mzima ningeona, na ningepeleka habari.

Wakaniita kikaoni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lazaro, na mwenye kitabu alikuwa katibu, Mwalimu Obedi. Nilikaa kiti cha wale wanaoulizwa, nilichozoea kukitazama kutoka upande wa pili.

"Weka dumu nje, Mama Amosi," akasema Mzee Lazaro.

"Ni maji, mzee. Onja."

"Nionje?" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Anatutilia na sisi."

Hakuna aliyeonja. Sheria yetu inasema mzee wa kanisa haonji pombe hata kwa kupima, maana akionja ikawa ndiyo, naye amekunywa. Nakumbuka kikao tulichoipitishia, na mimi nilinyoosha mkono. Wakanusa tu. Madumu ya sokoni kwetu yote yamewahi kubeba ulanzi, ile harufu haitoki hata usugue kwa mchanga na majivu. Wakanusa, wakatazamana, basi.

Kikao kikaenda saa tatu, dumu liko nje. Ulimi ulikauka ukashikana na kaakaa. Nilipoambiwa nijitetee, maneno yalitoka yameburuzika. Nikasimama ili nisikike vizuri, miguu ikakataa, nikashika meza na kitabu kikaanguka. Mzee Lazaro alikiokota, akakifuta vumbi taratibu, akasema, "Ndugu zangu, ushahidi gani tena tunautaka?" Mwalimu Obedi akaandika. Jina langu, na pembeni yake: ulevi.

Hapo ndipo penye uchungu wa ugonjwa huu. Ukinywa, unaonekana mnywaji. Ukinyimwa, maji yanakwisha mwilini mpaka akili inayumba, unaonekana mlevi zaidi. Walivyozidi kuninyima ndivyo nilivyozidi kuwathibitishia.

Amosi si mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwelewa. Alirudi nyumbani siku ile akakaa kwenye kigoda mbele yangu, mikono katikati ya magoti.

"Mama, umetuaibisha."

"Amosi, mwanangu, yaonje haya maji."

"Sitaki kuonja kitu. Nataka uache."

Akahamishia madumu yote stoo, na pipa akalimwaga. Stoo akaitia kufuli. Nikawa napewa jagi moja asubuhi na jagi moja jioni, kwa kuwa alidhani mwili ukikosa cha kunywa utasafika. Ufunguo ulikaa kwa Tulizo, kwenye fundo la kanga. Huyu mkwe wangu hatukuwahi kupendana, na sitaongopa hapa. Lakini kila mchana aliosha mboga kwenye beseni, akaliacha mlangoni kwangu na maji yake, akaondoka kama amelisahau. Nilikunywa yale maji na mchanga wake. Sikumshukuru, na yeye hakungoja. Mvua nayo ilinisaidia. Nilikinga maji ya bati.

Mvua zikakoma baada ya Pasaka. Amosi akaona bado nayumba, akanipeleka Makambako kwa binti yangu Vumilia, mbali na macho ya washarika. Akamwachia maagizo yale yale. Vumilia alikuwa analia huku anafunga mlango wa stoo, lakini alifunga. Makambako ni upepo, na upepo ule ulinikausha kama mboga iliyoanikwa. Siku ya kwanza nilihesabu mafunda. Siku ya pili nilikuwa namwita Vumilia kwa jina la dada yangu aliyekufa. Siku ya tatu yeye alipokwenda kwenye kibanda chake cha mitumba, nikatoka.

Njia siikumbuki vizuri. Nakumbuka malori, na vumbi mdomoni. Nikaona wanawake wenye ndoo wanaingia penye uzio wa mabanzi, nikasema moyoni, huko kuna maji. Nikaingia. Kulikuwa na mabenchi, wanaume, na vikombe vya plastiki. Mwenye ndoo aligeuka, akaniangalia tangu miguuni hadi kichwani. Alikuwa Sara.

"Haa! Mzee wa kanisa kilabuni kwangu!" akasema kwa sauti. "Karibu, mama. Umekuja kuandika majina? Hawa wote waandike, wengine ni wa kwenu."

Benchi zima lilicheka.

"Maji," nikasema. Haikutoka vizuri.

"Sara, huyo keshakolea," akasema mnywaji mmoja. "Usimwongeze, atakufia hapa."

Sara akaweka ndoo chini. Akanisogelea mpaka pua yake ikawa mdomoni kwangu, kama mama anayenusa mtoto kama amekula udongo. Akanishika shavu, akavuta kope.

"Huyu hajanywa," akasema.

"Hajanywa na anayumba hivyo?"

"Tangu mume wangu afe nauza pombe, leo unifundishe mlevi? Hana harufu. Mlevi ana jasho, huyu ngozi imekauka kama ganda la mwanzi." Akachota maji kwa kata, akanishikia kichwa. Nikanywa saba, nilizihesabu. Nikaenda nyuma ya uzio, naye akanifuata bila aibu, akasimama kuangalia.

"Mkojo wako kama maji ya bati," akasema. "Mtu aliyekauka hivi angekojoa kama chai ya rangi. Mama, wewe ni mgonjwa. Nani anakuuguza?"

Nilitaka kulia, machozi hayakuwepo.

Vumilia alitufikia hapo, ameambiwa na watu. "Mama! Kilabuni! Amosi nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yake anakufa," akasema Sara. "Nyamaza, tafuta bajaji."

Kwenye bajaji nilishika mkono wake. Akauondoa. "Usinishukuru. Ningenusa pombe ningekuacha pale pale kwenye benchi, wakucheke mpaka jioni. Nilikuwa naiombea siku hiyo." Akageuza uso nje. Nashukuru aliniambia ukweli. Wengine waliokuja baadaye waliniambia kwamba walikuwa wananiombea.

Hospitalini Makambako walinitundikia maji polepole siku mbili, na daktari, binti mdogo mwenye miwani, akawa wa kwanza kuuliza, "Bibi, ulishawahi kugonga kichwa?" Akaandika barua, tukapelekwa hospitali kubwa ya Ikonda, kule Makete.

Ikonda kwenye mabenchi unakutana na nchi nzima. Mtu katoka Songea, mtu katoka pwani anatetemeka kwa baridi ya Makete kwa shati moja. Tulikaa siku mbili tukingoja zamu. Amosi alikuja, akakaa benchi la nyuma yangu badala ya ubavuni. Waliniambia kuna kipimo: tangu asubuhi sitakunywa kitu, watanipima uzito na mkojo kila saa.

"Mwanangu alinifungia maji," nikamwambia muuguzi, "sasa na nyie mnanifungia?"

"Bibi, kuna tofauti," akasema. "Mimi nitakaa hapa hapa nakuangalia."

Akakaa kweli. Kila saa mizani, kila saa jagi la vipimo. Kwa masaa machache nilipungua kilo mbili, mkojo mweupe unamwagika vile vile. Daktari akasema imetosha, akanichoma sindano. Baada ya saa mbili nikaenda chooni, nikatoa kidogo, na ulikuwa wa njano. Nikapiga kelele wodi nzima ije ione. Mzee mzima nafurahia mkojo. Ukipitia haya utanielewa.

Daktari alituketisha, mimi na Amosi. Akasema ubongo unatengeneza kitu kinachoitwa vasopresini. Kinatengenezwa ndani kabisa kichwani, kinashuka na damu, kinaziambia figo zibane maji yasipotee. Kikizidi kuhitajika kinabana na mishipa ya damu ili presha isianguke. Nilipogonga kisogo, ubongo ulitikisika na pale kinapotengenezwa pakaumia. "Figo zako hazina kosa," akasema. "Hazijaambiwa tu." Sukari haimo kabisa. Nikamwelewa. Vibarua wanaomwaga maji shambani kwa sababu msimamizi amekufa.

Amosi akauliza, macho chini, "Kwa hiyo mama hakuwa anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa," akasema daktari. "Maji ndiyo yaliyokuwa yanamweka hai. Siku alizonyimwa ndizo alizokaribia kufa."

Amosi alitazama viatu vyake. Mimi nilimtazama yeye. Sikumsaidia.

Nikaanza vidonge, na baridi kali ya katikati ya mwaka ikaja, majani yameganda asubuhi. Mngedhani hapo yameisha. Wameniambia nikimeza dawa ninywe ninapoona kiu tu. Lakini mtu aliyefungiwa maji hawezi kuiamini kesho. Nilificha chupa chini ya mto, kwenye gunia la mahindi, ndani ya mabuti ya marehemu mume wangu. Nilikunywa kwa woga. Dawa inabana, mimi naongeza, mpaka kichwa kikavimba ndani, nikatapika, nikaongea hovyo, nikarudishwa Ikonda nimefungwa kwenye blanketi. Yule muuguzi akanijua. "Bibi," akasema, "kiu yako sasa inasema kweli. Iamini." Ilinichukua mpaka wakati wa kuvuna mahindi kuiamini. Hata leo nikienda ugenini naangalia kwanza maji yako wapi, ndipo naangalia wenyeji.

Amosi hajaniomba radhi. Amenunua tangi kubwa jeusi, akalijengea kinara mbele ya mlango wangu. Mtu akishindwa kusema neno hununua kitu. Ninakinga maji yake, na bado nasubiri neno.

Ninyi mlio na mgonjwa: mtu anayekunywa maji mengi kupita kiasi na kukojoa meupe, hata sukari yake ikiwa nzuri, msimnyime maji. Mpeni, halafu mpelekeni mbele, hospitali kubwa, na mseme kama aliwahi kugonga kichwa. Dawa ipo. Vidonge vyenyewe ni vidogo, na duka moja likikosa tafuta jingine kabla havijaisha. Kama mnataka kujua ana nini kwenye dumu, onjeni.

Wiki chache kabla ya Majilio, wazee walikuja kwangu. Mzee Lazaro, mama mmoja wa kwaya, na Mwalimu Obedi na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni. Tulizo akawaletea chai. Wakamshukuru Mungu kwa uponyaji wangu, dua ndefu. Nilipofungua macho nikasema amina.

"Sasa, mama yetu," akasema Mzee Lazaro, "Jumapili ijayo usimame mbele, utubu kidogo, tukupokee. Iishe."

"Nitubu nini?"

"Ni utaratibu tu. Jina likishaandikwa halitoki bila toba. Wewe mwenyewe unajua."

Najua. Nilimwambia Sara maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile ya upole, na sikuwa nimewahi kusikia yanavyosikika kutoka upande huu. Nikampa karatasi ya Ikonda. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hii ni ya hospitali, mama. Kitabu ni cha kanisa."

"Mwalimu Obedi," nikasema, "fungua."

Akamtazama mwenyekiti, kisha akafungua. Nikaweka kidole penye jina langu.

"Futa hapo penye ulevi. Andika kiu."

Kalamu ikabaki hewani. Mama wa kwaya aliinamia kikombe chake.

"Lakini mama," akasema Mwalimu Obedi, "kiu siyo kosa."

Nikawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

"Haya," nikasema. "Liandike na hilo."